Mteja Mwenye Kucha Zilizopasuka

Atakuja mteja mwenye kucha za mistari, aseme, "Nisugulie hii mistari iishe." Tusikubali. Mistari inayotoka shinani hadi nchani huja na umri, haina ubaya. Tukiisugua, ukucha unabaki kama karatasi, na mpya kuota wote ni kama miezi 6! Uliopasuka tuukate mfupi, tupige tupa upande mmoja tu, si kwenda na kurudi, kisha tupake mafuta. Ile ngozi ya shinani tusiikate, vijidudu huingilia hapo. Lakini tukiona kucha zimebonyea kama kijiko, au mstari mweusi mpya unaopanuka kwenye kidole kimoja, basi rangi tuiweke kando, tumwambie mama huyo polepole aende hospitali.