Njia ya Miguu Kariakoo: Mazungumzo Yaanzie kwa Mwenye Meza



Mada niliyopewa inahusu programu za jamii za kuhimiza watu watembee na waendeshe baiskeli kwa usalama. Kariakoo hakuna wa kuhimizwa kutembea. Anayeshuka basi la mwendokasi pale Gerezani au Msimbazi anamalizia safari kwa miguu, na mfanyabiashara aliyetoka Zambia, Malawi au Kongo anazunguka kwa miguu vilevile mpaka mzigo wake utimie. Kinachokosekana ni pa kukanyaga.

Simama Mtaa wa Kongo saa kumi jioni. Mwenye fremu ametoa nje sanamu zilizovaa magauni. Mbele ya sanamu mmachinga ametandika turubai la soksi na mikanda. Mbele ya turubai zimepaki bodaboda, kisha unafuata mtaro ambao baadhi ya mifuniko yake haipo. Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani kwa sababu hana pengine pa kupita, na hapohapo anasikia nyuma yake, "Mzigo! Mzigo!" Ni guta lililosheheni mabelo ya mitumba, na kulisimamisha ghafla si kazi ya mtu mmoja. Mama anaruka, guta linapita, biashara inaendelea. Ukimuuliza mmoja mmoja, kila aliyepo pale ana haki yake na ana watoto wa kulisha.

Mitaa hii iliyonyooka ilipimwa na Wajerumani mwishoni mwa utawala wao, kwa ajili ya nyumba za chini na watu waliotembea. Leo nyumba nyingi kati ya hizo zimekuwa maghorofa yenye fremu kila sakafu, lakini upana wa mtaa haukuongezeka. Aliyetangulia kufikiria jambo hili ni msanifu Beda Amuli. Alipochora soko kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, alipeleka sehemu ya biashara na ghala chini ya ardhi, kule tunakokuita shimoni, kana kwamba anasema mzigo na mtu visigombee sakafu moja. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini wazo lake halikuungua, na nitalirudia.

Elimu ya barabarani tumeitoa sana. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama tunagawa vipeperushi na watoto wanaimba: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Siidharau, ila mtoto wa darasa la pili aliyefundishwa vizuri hawezi kutembea juu ya njia ambayo haipo. Shirika la Amend lililiona hilo hapahapa Dar es Salaam. Programu yake ya SARSAI ilianzia shuleni: inaangalia watoto wanapita wapi na wanagongwa wapi, inakaa na walimu na viongozi wa mtaa, halafu inajenga. Vinavyojengwa ni vitu vidogo: njia ya miguu, tuta, kivuko cha zebra, vinguzo vya kuzuia magari kupanda pembeni, na pengine geti la shule kuhamishiwa upande usio na magari mengi. Somo darasani linafuata baada ya hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha maeneo ya shule zilizofanyiwa kazi hiyo na yale ambayo bado, ulikuta majeraha ya watoto yamepungua kwa asilimia 26 hivi. Mwaka huohuo programu ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI, yenye dola 250,000. Imetuzwa New York, nasi tunaizungumzia kama kitu cha kuletewa!

Kwa baiskeli nitakuwa mfupi. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jiji hili, umeandaa misafara kwa miaka mingi ukidai njia zao. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli na za miguu, na jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Kwa hiyo njia tunajua kuzijenga. Kuzilinda zisigeuke maegesho ya magari na kichochoro cha bodaboda ndiko kunakotushinda.

Hapo ndipo tunapomfikia mwenye meza, yaani mmachinga. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara, na kwa muda Kariakoo ikapumua. Leo meza zimerudi. Zimerudi kwa sababu mteja anapita pale, na mgambo hawezi kukesha. Njia ya miguu ambayo muuzaji hakuikubali haidumu, hata ukiijenga kwa zege.

Wenzetu wamejaribu kwa namna zao. Kigali walianzisha siku isiyo na magari mwaka 2016, Addis Ababa wakafuata mwaka 2018. Ni jambo zuri, ila hizo ni Jumapili za mazoezi, na Kariakoo inahitaji Jumatatu ya kazi. Mtaa wa Kongo jioni umeshafungwa na watu wenyewe. Gari likiingia linajuta. Napendekeza tuuhalalishe kwa saa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni magari yasiingie. Malori ya Fuso na kirikuu zishushe mzigo usiku na alfajiri: hilo ndilo wazo la Amuli, isipokuwa badala ya kutenganisha mzigo na mtu kwa sakafu, tunawatenganisha kwa saa. Maguta yapewe ubavu mmoja wa mtaa na mahali pa kusubiri. Upigwe mstari wa rangi, mita mbili zibaki wazi kila upande, na meza ziwe za magurudumu ili gari la zimamoto likija zisogezwe. Kabla rangi haijakauka, tuwaombe walimu na wanafunzi wasioona wa Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko waipite njia hiyo na fimbo zao. Watakapokwama, tunajua pa kurekebisha. Wao ndio wakaguzi.

Rangi na mifuniko ya mitaro haiwezi kuishinda halmashauri. Ugumu uko kwa wenye fremu, kwa kuwa wapo wanaowapa wamachinga mali wawauzie nje. Ukimhamisha mmachinga bila kuzungumza na aliyempa mali, kesho atakuja mwingine kwenye turubai lilelile. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma na kufunga maduka, Waziri Mkuu alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, kwa hiyo kukaa na kukubaliana wanajua. Basi tuanze na majaribio ya miezi mitatu, na kamati yake iwe na wenye fremu, wamachinga, wasukuma mikokoteni, trafiki na TARURA, wakala wa barabara za mitaa, na kila upande utie saini kwenye mchoro wa mstari wenyewe, fremu kwa fremu. Mchoro nimekuja nao. Uko pale mlangoni pamoja na kalamu nyekundu. Atakayeona mstari umepita mahali pabaya mbele ya duka lake, ausahihishe kabla hatujaingia kwenye majadiliano.