Chupa, Neno na Deni

Huko Makindye, jijini Kampala, unga wa mofini huchanganywa na maji safi, kihifadhi kidogo cha kuizuia dawa isiharibike, na rangi ya chakula. Basi, viungo ni hivyo tu. Ikishatiwa kwenye chupa za plastiki, dawa hiyo husafirishwa kwenda hospitali na vijiji vya Uganda kwa wagonjwa wa saratani na wengine wenye maumivu ambayo panado haiyawezi, nao huipata bila kulipa. Kazi hiyo ilianzishwa na Hospice Africa Uganda, shirika lililoundwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, aliyekuwa ameijaribu njia hii alipofanya kazi Singapore.

La kutazamwa hapa ni rangi. Chupa ya kijani ina miligramu 5 za mofini katika kila mililita 5. Ya waridi ina miligramu 50, na ya buluu ina 100. Bibi asiyejua kusoma, anayemuuguza mwanawe usiku wa manane, anaiona tofauti kwa macho yake. Muuguzi aliyechoka anaiona. Kosa la kumpa mgonjwa dawa yenye nguvu mara 10 linazuiwa na kitu cha bei ndogo kilichomo chupani. Mwaka 2004 Uganda ilikwenda mbele zaidi, ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini, maana vijijini madaktari walikuwa wachache mno.

Kuchanganya dawa ni kazi kongwe ya mfamasia, na bado inahitajika. Yupo mtoto asiyeweza kumeza kidonge, yupo mgonjwa anayedhurika na kihifadhi kilichomo katika dawa ya kiwandani. Nchini Marekani sheria iliwaachia wafamasia nafasi hiyo bila kuwabana kama inavyovibana viwanda, kwa sharti kuu: kila mchanganyiko uwe wa mgonjwa anayejulikana, kwa cheti cha daktari wake. Kampuni ya New England Compounding Center, iliyokuwa Framingham katika jimbo la Massachusetts, ililikanyaga sharti hilo. Ilitengeneza sindano za maumivu ya mgongo kwa maelfu na kuzisambaza katika majimbo 23, na mahali pengine majina ya wagonjwa yalikuwa ya kubuni.

Septemba 2012 daktari mmoja wa Nashville aliiarifu idara ya afya ya Tennessee kuhusu mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na kuvu, jambo la nadra kabisa. Uchunguzi ukafika kwenye zile chupa ndogo za Framingham. Kwa hesabu ya taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, watu 753 waliugua na 64 walifariki. Wengi wao walikwenda kliniki kwa ajili ya maumivu ya mgongo tu. Kuvu walikuwa ndani ya dawa, na hakuna mgonjwa ambaye angeweza kuwaona. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya ubora na usalama wa dawa.

Kama mfamasia achanganyavyo dawa, lugha nayo huunganisha maneno, lakini yenyewe huuacha mshono nje, mtu auone. Anayelisikia neno kipimajoto kwa mara ya kwanza hahitaji kamusi. Kweli, maana huhama: tangu mwaka 2024 watu wanasafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa garimoshi la umeme lisilotoa moshi hata chembe, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Waswahili walimtungia hata mkopeshaji jina la namna hiyo hiyo. Wakamwita mlariba, na kazi yake ikawa hadharani ndani ya jina lake.

Ila hesabu ya mlariba haionekani hivyo. Katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kipo kibao cha udongo cha Wababeli, chenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, kinachouliza swali ambalo mkopaji wa leo angepaswa kuuliza: kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, deni litachukua muda gani kuongezeka maradufu? Jibu lao ni kama miaka 3 na miezi 9 na nusu. Wasingekuwa wakihesabu riba juu ya riba, jibu lingekuwa miaka 5. Muda huo uliopungua ni kazi ya riba kuzaa riba.

Hesabu hiyo inaweza pia kumjenga mtu. Benjamin Franklin, aliyefariki mwaka 1790, aliwaachia wakazi wa Boston na wa Philadelphia pauni 1,000 kila mji, zikopeshwe kwa mafundi vijana kwa riba ya asilimia 5, na mfuko usimalizwe kabla ya miaka 200. Mwaka 1990 ulipofika, wa Boston ulikuwa na zaidi ya dola milioni 4 na wa Philadelphia takriban milioni 2. Kianzio kilikuwa kimoja na muda mmoja. Kilichotofautiana ni namna fedha zilivyotunzwa njiani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki akiba hainyimwi nidhamu, inanyimwa muda. Vikoba vingi, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, huvunjwa kila mwisho wa mwaka. Wanachama wanagawana, ada za shule zinalipwa, bati linanunuliwa, na Januari wanaanza tena na hisa ya kwanza. Wana sababu za haki, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini faida ya mwaka huu haipati nafasi ya kuzaa ya mwaka ujao, ilhali deni alilonalo mwanachama huyo huyo mtaani halina siku ya kuvunjwa.

Deni la aina hiyo Tanzania linaitwa kausha damu. Mama lishe anachukua shilingi 100,000, anaambiwa riba ni asilimia 10 kwa mwezi, na asilimia 10 inasikika kuwa ndogo. Asiporejesha, na riba ikawa inaongezwa juu ya deni zima kila mwezi, ndani ya miaka 2 atadaiwa karibu shilingi 985,000. Kwa masikio yake alikubali 10 tu.

Kenya inayo kinga ambayo haisemwi vya kutosha. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinasema kwamba mkopo ukishaacha kulipwa, riba ambayo benki itadai kuanzia hapo isizidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Ni kinga nzuri, lakini kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya mabenki. Mkopeshaji wa mtaani, anayeitwa shailoki, hajui 44A. Nchini Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Kuyataja kulihitajika. Lakini hata mkopeshaji mwenye leseni bado anaweza kumpa mtu hesabu ambayo mkopaji haoni inakoelekea, na hapo ndipo sheria inapaswa kuingia.

Mkopo nao unahitaji rangi yake. Mkataba usiishie kwenye asilimia ya mwezi. Ueleze kwa shilingi deni litakuwa kiasi gani lisipolipwa kwa miezi 3, kwa miezi 6 na kwa mwaka. Kwa yule mama lishe zingekuwa namba 3 tu, 133,100, kisha 177,156, kisha 313,843, zilizochapishwa kwa herufi kubwa juu ya mahali anapoweka dole gumba.