Kitabu Kisichoshikika Nacho Kina Mwenyewe

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Tanga.



Kitabu kikinunuliwa asubuhi na mwalimu mmoja wa Chumbageni, jioni yake chaweza kuwa kimekwisha fika Muheza, Pangani, Mkinga na ng'ambo ya Pemba, na idadi ya wanunuzi ikabaki mmoja yule yule. Kurasa hupigwa picha kwa simu, picha zikaunganishwa kuwa faili, na faili likatumwa katika kundi la WhatsApp la walimu wa somo. Kila alipokeaye hushukuru, na aghalabu humwombea dua mtumaji. Pengine hata kupiga picha hakuhitajiki, kwa kuwa kitabu kiliuzwa tangu mwanzo kwa njia ya mtandao, bila karatasi, na anayekigawa kwa wenzake hubonyeza mara moja tu.

Jambo hili ndilo liitwalo uharamia wa vitabu. Neno ni zito, na wengi hulikataa kwa kuwa haramia wanayemfahamu ni yule wa baharini, mwenye silaha. Hata hivyo hapana budi kusema wazi kwamba vitabu vya namna hii haviporwi na wahuni wa mitaani tu. Huporwa pia na watu waliosoma, wenye chaki na mihuri ya ofisi mikononi, nao hufanya hivyo kwa nia njema. Ndiyo maana ni vigumu kuwazuia.

Mtetezi wao aweza kusema kwamba pwani hii ilielimika kwa kunakili. Ni kweli. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alipotunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya vita vya 1888 na 1889 ambavyo Abushiri bin Salim aliviongoza kutoka Pangani, hapakuwa na duka la kuuzia tungo. Tendi za zama hizo ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikasambaa kwa mkono wa mnakili. Lakini mnakili yule alitoa siku zake na wino wake, na nakala moja ilibaki nakala moja. Tena desturi ya watunzi ilikuwa kutia majina yao ndani ya beti za mwisho, hata asiyetaka kumtaja mwenye kazi alilazimika kuuvunja utenzi ndipo amfute. Faili la leo hunakiliwa bila jasho, na mara nyingi ukurasa wenye jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka huwa umekwisha ondolewa. Kulinganisha mambo hayo mawili ni kuwaonea wazee.

Fundisho la karibu zaidi ni la muziki. Katika miaka ya 1970 vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga vilitoa taarabu ya magitaa iliyopendwa kote Afrika Mashariki. Kaseti zilipoenea, mwenye mashine ya kuingiza kanda mbili kwa pamoja aliweza kuzalisha nyimbo dukani mwake kutwa nzima. Nyimbo zilisikika katika kila arusi, na fedha za nakala hizo hazikuwa na njia ya kurudi kwa waimbaji. Yaliyowapata waimbaji kwa kaseti sasa yanawafika waandishi kwa simu, nayo huenda upesi zaidi.

Kinachopotea hapa si fedha ya mtu mmoja. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa mtumishi wa Serikali kama walivyo wasomaji wengi wa maandishi haya. Alianza katika idara ya forodha mwaka 1926, akaandika huku akitumikia mshahara wa karani. Alifariki 1962, na baadhi ya vitabu vyake, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilichapwa baada ya yeye kuwa kaburini. Mtu wa namna hiyo ni adimu. Haifai taifa kupanga fasihi yake kwa kutegemea kwamba kila kizazi kitampata mtu atakayeandika bila kutazamia malipo.

Wazee wa mashamba ya mkonge wanaikumbuka kadi ya kipande. Manamba alitiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi yake, na siku isiyotiwa alama haikulipwa, hata kama mkonge umekwisha katwa na kufungwa mizigo. Mwandishi ambaye kitabu chake kinasomwa na watu elfu na kununuliwa na kumi yumo katika hali hiyo hiyo. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja kutokuwapo kwa unyonyaji kuwa sifa ya kwanza ya nchi ya Kijamaa. Mnyonyaji aliyefikiriwa wakati ule alikuwa na kiwanda au shamba kubwa, lakini kula jasho la mwingine hakugeuki kuwa halali kwa sababu mlaji ni mwalimu mwenye mshahara mdogo.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA ndiyo ofisi inayoisimamia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na chombo chake, COSOZA, kwa hiyo faili linalovuka mkondo kutoka Tanga kwenda Pemba huingia katika sheria ya pili. Wanaodhani kwamba vitabu vya kigeni havina mlinzi wakumbuke kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994. Na yule ajiteteaye kwamba yeye hauzi bali anagawa bure, aisome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Humo kuvunja haki ya ubunifu kwa kompyuta ni kosa hata pasipo biashara. Biashara huizidisha adhabu.

Wachapishaji wengine wameweka tumaini lao katika kufuli, yaani neno la siri, au kitabu kinachofunguka katika simu moja tu, au jina la mnunuzi kupigwa chapa katika kila ukurasa. Hilo la mwisho lina faida, maana mtu huona haya kutawanya faili lenye jina lake. Mengine huchelewesha tu, kwa kuwa simu ya pili hupiga picha kioo cha simu ya kwanza na kufuli likawa limekwisha kazi yake. Tena kufuli likikazwa mno humzuia msomaji asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti. Na Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh unaolinda haki ya wasomaji kama hao.

Lawama nyingine ni ya wachapishaji wenyewe na ya Serikali. Shule ya Mkinga yenye nakala moja ya kitabu haiwezi kuhubiriwa hakimiliki kana kwamba duka la vitabu liko mlangoni. Taasisi ya Elimu Tanzania imeonyesha njia kwa kuweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, visomwe bila malipo na bila kosa. Inafaa mpango kama huo ufike kwenye riwaya, tamthilia na diwani, Serikali ikilipia kibali kwa mwandishi na shule zote zikasoma, na Bodi ya Huduma za Maktaba ikapewa fungu la kazi hiyo hata kwa maktaba za mikoa.

Wakati hayo yakingojewa, mwalimu aweza kutuma anwani ya maktaba hiyo badala ya faili, na kunukuu kifungu anachokifundisha pamoja na jina la mwandishi. Mkuu wa shule aweza kutenga katika makisio ya mwaka fedha ya nakala chache halali. Naye mwandishi anayekuta kazi yake imetawanywa ahifadhi picha ya ukurasa, tarehe na anwani ya mtandao kabla havijafutwa, kisha avipeleke COSOTA pamoja na malalamiko yake.