Juu ya Gugu Lililoingia Kiwanjani Petu
(Maneno ya Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kiwanja tulichokinunua kwa michango yetu ili tujenge ukumbi. Yanipasa nianze kwa kuungama. Mwaka jana tuliletewa malori matatu ya udongo wa kujazia bonde la mbele, na mimi ndimi niliyetia sahihi stakabadhi. Niliitazama bei, sikuuliza udongo ulichimbwa wapi. Mvua ziliponyesha kiwanja kikawa kijani, nasi tukafurahi. Kumbe tulikuwa tumenunua gugu karoti.

Gugu hili, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus, asili yake ni nchi za joto za Amerika. Majani yake yafanana na ya karoti, na maua yake ni meupe, madogo. Mche mmoja waweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000, na huweza kuchanua majuma manne tu baada ya kuota. Mbegu zake husafiri kwa maji, magurudumu, mchanga na udongo, tena hukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua. Likiguswa huwasha ngozi. Vumbi la maua yake hudhuru kifua. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mwaka 2010 Serikali ya Kenya ililitangaza kuwa gugu hatari.

Kosa letu la pili lilikuwa kulifyeka. Lilichipua tena shinani, likachanua. Sasa limevuka ua na kuingia bustani ya jirani yetu, mama mjane, ambaye sukuma wiki yake ndiyo karo ya watoto wake. Alikuja ofisini akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki ndicho chama cha ustawi wa watu?" Sikuwa na jibu.

Wako wasemao kwamba sakafu ya ukumbi italifunika. Sakafu itafunika lililo chini yake tu. Lililo kandokando litachukuliwa na malori ya mawe mpaka mashambani mwetu.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, tuling'oe pamoja na mizizi kabla halijachanua, ardhi ikiwa na unyevu, tukivaa glavu na kufunika pua; lililokwisha kuchanua litiwe guniani na kuchomwa, lisitupwe barabarani. Pili, palipong'olewa pasiachwe wazi, bali papandwe nyasi njema, na pakaguliwe kila mvua. Tatu, mchanga wala udongo usipokewe kabla ya kwenda kutazama unakochimbwa.

Nami naomba tuanzie bustani ya yule mama, ndipo tuje kiwanjani petu.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau, msiudharau pamoja nami.