Kutoka Msaada Hadi Zabuni: Hotuba Fupi Lushoto


Wachina waliijenga TAZARA, 1970 hadi 1975, kwa mkopo usio na riba. Mwaka 1979 ofisi ya misaada ya Wizara yao ya Reli ikageuzwa kampuni, CCECC. Haikungoja tena kupewa kazi, ilishindania zabuni. Mwaka 2021 ikapata, pamoja na kampuni mwenzake, reli ya Mwanza–Isaka.

Mimi, mkandarasi mdogo wa hapa milimani, nilishindwa zabuni ya barabara, nikanuna mwaka mzima. Kisha nikaomba kwa walioshinda kazi ninayoijua: kuta za mawe kwenye kona. Nikalipa madeni.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana lori moja. Mazingira yamebadilika, tuungane, tuombe kwa jina moja.