Maneno Mawili ya Kiingereza: "Shall" na "May"

(Hotuba iliyosomwa mbele ya watumishi wa Serikali, Babati)



Nimeombwa ninene kidogo juu ya lugha ya Kiingereza, nami nimechagua maneno mawili mafupi ambayo kila mmoja wetu huyakuta mezani pake, yaani "shall" na "may". Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya darasani. Nawaomba wanivumilie, maana maneno hayo yalinitia aibu ambayo sijaisahau.

Nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilipewa barua ya Kiingereza niifasiri, ipelekwe kwa bibi mmoja mzee wa upande wa Mbugwe aliyekuwa na shauri la shamba. Barua ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kufika kwake mwenyewe siku ya kusikilizwa, nalo liliandikwa kwa "may". La pili, kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi, nalo liliandikwa kwa "shall". Mimi nikaandika: "Unatakiwa kufika mwenyewe." Tena nikaandika: "Unaweza kupewa sababu."

Bibi yule alikuwa mgonjwa wa miguu. Alishuka katika basi hapa mjini ameshikwa mikono na wajukuu wawili, akakaa barazani tangu asubuhi. Angaliweza kumtuma mwanawe, na shauri lisingaliharibika hata kidogo. Na uamuzi ulipokuwa kinyume chake hakuuliza sababu, kwa kuwa barua yangu ilimfahamisha kwamba sababu ni hisani ya wakubwa. Siku za kukata rufani zikapita. Hakuna aliyenikaripia, maana hakuna aliyejua; niligundua mwenyewe baadaye, nilipoisoma nakala katika jalada.

Basi tuyatazame maneno yenyewe. "Shall", katika Kiingereza cha kale, maana yake ilikuwa kuwiwa, yaani kuwa na deni. Wadachi hata leo neno lao la deni, "Schuld", ni la ukoo huo huo. "May" nalo maana yake ya kale ilikuwa kuwa na nguvu. Asili hizi mimi naziona zafaa kukumbukwa kuliko kanuni nyingi za vitabu. Palipo "shall" mtu anadaiwa. Palipo "may" mtu amepewa uwezo, akipenda autumie, asipopenda auache. Mimi nilimdai bibi kitu asichodaiwa, nikamwondolea mdaiwa wake deni lake.

Ugumu wa "shall" ni kwamba hubeba mizigo miwili. Mwalimu mmoja Mwingereza, John Wallis, aliandika katika sarufi yake ya mwaka 1653 kwamba msemaji akijitaja mwenyewe, "I shall" ni habari tu ya wakati ujao. Lakini akimtaja mwingine, "he shall" ni ahadi au tishio. Waingereza wenyewe hawaishiki sana kanuni hiyo, na wengine wameona heri kuliacha neno lenyewe katika sheria: Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 yatumia "must", yaani sharti. "May" nalo lina ruhusa, tena lina shaka. Tukitazama mawingu juu ya mlima Kwaraa, Mwingereza atasema kwa "may" kwamba huenda mvua ikanyesha, wala hapo hakuna anayeipa mvua ruhusa.

Katika nchi yetu jambo hili halikuachwa kwa karani kukisia. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, iliyotungwa mwaka 1996, yasema katika kifungu cha 53 kwamba "may" ni hiari na "shall" ni wajibu. Ni kweli kwamba Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba si kila "shall" iliyokosewa huvunja shauri zima. Lakini hayo ni ya majaji kupima, si ya mimi na wewe kuyatumia kama mwavuli.

Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenziwe walipounda pale Tanga chama cha watumishi Waafrika, walikuwa watu wa kusimama katikati ya lugha mbili, nasi tungali tumesimama hapo. Tena mzigo umezidi, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mengi yaliyoandikwa kwa Kiingereza yahitaji kufasiriwa.

Hapo ndipo ninapoiogopa "ta" yetu. Tukiandika, "Mkurugenzi atajibu barua katika siku 14," je, hiyo ni amri, au ni utabiri? Wako wasemao kwamba "ta" imezoewa katika sheria na jaji huifahamu. Nakubali, lakini bibi wa Mbugwe hakuisoma barua yake pamoja na jaji. Kiswahili kina njia yake wazi, ile "e" ya mwisho: mlango ufungwe, barua ijibiwe, Mkurugenzi sharti ajibu. Na "unaweza" pia haitoshi kwa "may". Mwambie mgonjwa wa miguu kwamba anaweza kufika, naye atakujibu kwamba hawezi! Heri tuandike "ukipenda", au "una hiari ya kufika au kumtuma mwingine". Maneno yatazidi matatu au manne, na karatasi haitalalamika.

Tafsiri yangu ile nimeiandika upya kwa mkono, bila jina la mwenyewe, nayo ipo hapa mezani. Baada ya chai, atakaye kuisoma na aisome, anionyeshe na makosa mengine ambayo mimi sikuyaona.