Vita ni vya Wote, Neno Liwe la Wote
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Unyambwa, Singida)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja: ni nani mwenye haki ya kuiingiza nchi vitani, na ni nani awezaye kumwuliza. Wengine watasema hayo ni mambo ya wakubwa wa Dodoma. Sivyo. Vita vikitangazwa, aendaye ni mtoto wa mkulima, na alipaye ni mkulima mwenyewe.

Wazee mwayakumbuka ya Kagera. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ardhi yetu mpaka mto Kagera ni mali yake. Jeshi letu likamfukuza, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita hivyo vilikuwa vya haki. Hata hivyo wananchi waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na dhiki ikapita miezi hiyo. Ikiwa vita vya haki vina bei hiyo, je, visivyo vya haki?

Tena mtazameni Amin. Alipotwaa serikali kwa bunduki Januari 1971 alilivunja Bunge, akatawala kwa amri. Alipotaka kutuvamia, hapakuwa na chombo Uganda cha kumwambia: simama kwanza, tueleze sababu. Waganda waliingizwa vitani na mtu mmoja.

Wenzetu hao wamejifunza. Katiba yao ya 1995 yamtaka Rais apate kibali cha theluthi mbili ya wabunge wote kabla ya kutangaza vita. Ikiwa hapana nafasi, atatangaza, lakini akiombe kibali hicho kabla ya saa 72 kwisha. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, Rais hutangaza vita kwa kibali cha Bunge.

Na sisi je? Ibara ya 44 ya Katiba yetu ya 1977 yampa Rais uwezo wa kutangaza vita. Kisha nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, naye huitisha Bunge katika siku 14, lifikiri kama litaunga mkono au halitaunga. Ni vizuri. Lakini someni tena: Bunge likikataa, itakuwaje? Ibara hiyo iko kimya. Kwa hali ya hatari, Ibara ya 32 haikunyamaza: siku 14 zikipita bila azimio la theluthi mbili ya wabunge wote, tangazo hufa. Basi hali ya hatari ina breki, na vita, vilivyo vizito zaidi, havina!

Wako watakaosema adui hangoji mkutano. Ni kweli. Hapana mtu asemaye askari wa mpakani angoje kura. Nyumba ikiingiliwa na mwizi, baba hupiga kwanza. Lakini akitaka kumfuata mwizi mpaka kijiji cha mbali, na kuuza ng'ombe wa mji kwa safari hiyo, hapo hana budi kukaa na wenziwe.

Wengine watasema viongozi wetu ni wema. Na wawe wema! Sheria haitungwi kwa ajili ya kiongozi mwema. Hutungwa kwa ajili ya yule ambaye hatujamjua.

Ndugu zangu, mlango uko wazi. Ibara ya 44 yenyewe yasema kuwa uwezo huo wa Rais utafuata sheria yo yote iliyotungwa na Bunge. Basi Bunge na litunge sheria iseme wazi kuwa pasipo azimio, tangazo la vita halina nguvu baada ya siku 14. Mbunge ajapo kuomba kura hapa Unyambwa, msimwulize habari za barabara na maji tu. Mwulizeni na hili, naye ajibu mbele ya watu.

Uhuru na Umoja!